Plastiki Baharini: Kasa, Yavuyavu na Neno "Kutupa"

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba bahari iliko ndiko mito iendako. Madarasani methali hii hufunzwa kwa maana yake ya ndani, kwamba wadogo huwaelekea wakubwa na mali humfuata mwenye mali. Makala haya yanaichukua kwa maana yake ya juu, yaani maana ya maji yenyewe, kwa kuwa maji ya mito ya leo hayaendi baharini peke yake. Mto Nairobi huungana na Mto Athi. Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Chupa iliyoachwa kwenye mtaro wa barabara jijini Nairobi ina njia ya wazi hadi baharini, ijapokuwa aliyeiacha huenda hajawahi kuiona bahari.

Suala la plastiki baharini limetafitiwa sana na wanasayansi, na matokeo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili suala hili aghalabu huishia katika mabango ya kuhimiza usafi wa fukwe. Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, yanaeleza jinsi plastiki inavyowadhuru viumbe wa baharini, hasa kasa. Pili, yanachunguza msamiati ambao wasemaji wa Kiswahili wameutumia kuitaja plastiki. Hoja inayojengwa ni kwamba plastiki hudhuru kwa kufanana na kitu kingine. Humlaghai kasa kwa kufanana na chakula chake, na humlaghai mwanadamu kwa kubeba majina na vitenzi vya vitu vinavyooza.

Gamba la Ng'amba

Pwani ya Afrika Mashariki ina aina tano za kasa, na Kiswahili kina jina la kila aina. Yuko kasa mwenyewe, mla nyasi za bahari, ambaye jina lake ndilo lililotwaliwa kuwa jina la jumla. Yuko ng'amba, mwenye mdomo uliochongoka mfano wa mdomo wa mwewe na gamba la madoadoa ya kupendeza. Kuna kigome, kuna duvi mwenye kichwa kikubwa, na kuna noa, mkubwa kuliko wote, ambaye mgongo wake hauna gamba gumu bali ngozi. Kasa, ng'amba na kigome hutaga katika fukwe za Kenya; duvi na noa ni wapita njia.

Kati ya hawa, ng'amba ndiye aliyejulikana zaidi katika masoko ya dunia. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizopatikana katika pwani hii. Gamba la ng'amba lilipendwa kwa sababu likitiwa joto hulainika, likafinyangwa kuwa kitana, kibweta au pambo, na likipoa hulishika umbo hilo. Sifa hii ndiyo iliyokuja kuipa plastiki jina lake, kwani asili ya neno hilo ni Kigiriki, nalo lilihusu kitu kinachofinyangika.

Uhusiano huu haukuishia katika maana ya neno. Kuelekea mwaka 1870 Mmarekani John Wesley Hyatt aliendeleza seluloidi, mojawapo ya plastiki za mwanzo, ambayo iliweza kuiga pembe za ndovu na gamba la ng'amba. Waliouza seluloidi walijinadi kwamba bidhaa yao ingewapumzisha ndovu, kasa na marijani katika makao yao. Yaani plastiki ilizaliwa ikiwa mwigo wa gamba la kasa, na ilisifiwa kuwa mwokozi wake. Mwaka 1907 Leo Baekeland alivumbua bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utengenezaji uliongezeka kwa kasi, kutoka takriban tani milioni 2 mwaka 1950 hadi zipatazo milioni 460 mwaka 2019. Roland Geyer na wenzake walikadiria mwaka 2017 kwamba, kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani kufikia mwaka 2015, asilimia 9 pekee ndizo zilizotumika upya kiwandani na asilimia 12 zilichomwa. Asilimia 79 zilibaki majaani au katika mazingira.

Pakacha na Mfuko

Ili kuelewa kilichotokea, inafaa kuvikumbuka vyombo vilivyoitangulia plastiki. Mvuvi alibeba samaki wake katika pakacha lililosukwa papo hapo kwa makuti mabichi ya mnazi. Mnunuzi alikwenda sokoni na kikapu cha ukindu. Maji yalikaa mtungini na kutekwa kwa kata ya kifuu. Pakacha likichakaa lilitupwa nyuma ya nyumba au ufukweni, na hapakuwa na kosa lolote katika kitendo hicho. Mchwa, mvua na jua vilikamilisha kazi. Kitenzi "kutupa" kilitosha kwa sababu kitu kilichotupwa kilikwisha.

Mfuko wa polithini ulipoingia ulirithi kazi ya pakacha, na pamoja na kazi ulirithi kitenzi. Mtu aliendelea kutupa kama babu yake alivyotupa, kwa mkono uleule na mahali palepale, ila kitu kilichotoka mkononi hakikuwa na mwisho. Hili linafaa kusisitizwa, kwa kuwa mara nyingi wakazi wa pwani hulaumiwa kwa uvivu au ujinga, ilhali desturi yao ya kutupa ilikuwa sahihi kwa karne nyingi. Kilichobadilika ni kitu chenyewe.

Isitoshe, mfuko huo ulirithi na majina. Nchini Kenya mfuko mwepesi wa plastiki uliitwa "karatasi" au "karatasi ya nailoni". Vijana wa mijini walisema "juala". Nchini Tanzania uliitwa "rambo", jina la mhusika wa filamu. Jina linalohusu makala haya zaidi ni karatasi. Karatasi hutokana na mti. Ikilowa hulainika na kuraruka, na ikifukiwa huoza. Polithini hutokana na mafuta na gesi ya ardhini, na haina hata moja ya tabia hizo. Haidaiwi hapa kwamba jina ndilo lililochafua bahari. Linalodaiwa ni dogo zaidi: jina hilo halikumpa msemaji sababu yoyote ya kusita.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008, na Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Kuanzia tarehe 5 Juni 2020 Kenya ilizuia plastiki za kutumiwa mara moja katika mbuga, misitu na fukwe zinazohifadhiwa. Hatua hizi zimesaidia. Mifuko iliyokuwa ikining'inia kwenye miiba kando ya barabara kuu imepungua sana. Hata hivyo, mifuko iliyoshika nafasi yake sokoni, ile inayofanana na kitambaa, hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki vilevile. Karatasi isiyo karatasi iliondoka, akaja mwenziwe, kitambaa kisicho kitambaa.

Kandambili za Aldabra

Mwaka 2015 Jenna Jambeck na wenzake walikadiria kwamba kati ya tani milioni 4.8 na milioni 12.7 za plastiki ziliingia baharini kutoka nchi za pwani katika mwaka 2010 pekee. Sehemu ya taka hizo hupitia mitoni, na sehemu hutoka katika majaa yaliyo ukingoni mwa maji. Mjini Mombasa jaa la Kibarani lilikaa kwa miongo kadhaa kando ya hori ya Makupa hadi lilipofungwa mwaka 2018.

Ila si kila taka iliyo katika ufukwe wa Kenya ilitupwa na Mkenya. Utafiti wa Peter Ryan uliochapishwa mwaka 2020 ulizichunguza chupa zilizookotwa katika fukwe za Kenya kwa kuangalia zilikotengenezwa. Katika fukwe zilizo karibu na miji, chupa za humu nchini ndizo zilizotawala. Katika fukwe za mbali zisizosafishwa mara kwa mara zilikutwa pia chupa za kigeni, nyingi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Indonesia. Mikondo ya bahari iliyowahi kuwaleta watu na mazao kutoka huko sasa huleta chupa.

Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Ushelisheli, kinaonyesha hali hii vyema. Hakina mji wala soko, na wanaoishi huko ni watafiti na walinzi wachache. Hata hivyo, watafiti waliofanya usafi huko mwaka 2019 waliondoa tani 25 za taka, kisha wakakadiria kuwa zilizobaki zilikuwa zaidi ya tani 500. Kwa uzito, sehemu kubwa ilikuwa zana za uvuvi. Kwa idadi, kandambili zilikadiriwa kufika 360,000, katika kisiwa ambacho wakazi wake hawawezi kujaza basi moja.

Kandambili hizohizo zimepata matumizi mengine Lamu. Mwaka 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walikamilisha chombo cha matanga kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Ufundi huo unastahili heshima, nao umeonyesha kwamba ujuzi wa waundaji wa majahazi unaweza kukutana na tatizo la leo. Lakini tani 10 zikilinganishwa na mzigo wa kisiwa kimoja kisicho na watu, ni wazi kwamba kuokota hakuwezi kuishinda kasi ya kutupa.

Kasa na Yavuyavu

Madhara ya plastiki kwa viumbe wa baharini ni ya aina nyingi, na hayana uzito sawa. Mfano wa kasa unachukua nafasi kubwa hapa kwa sababu ndani yake njia zote za madhara zinaonekana.

Yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza, ni kiumbe mwororo anayeng'aa na kupitisha nuru, mwenye mwili unaopanuka na kunywea anapoelea. Ni chakula cha noa katika maisha yake yote, na kasa wengine humla pia. Mfuko mwepesi wa polithini ukiingia majini hupanuka na kunywea vivyo hivyo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kasa hukosea kwa macho pekee. Mwaka 2020 Joseph Pfaller na wenzake walionyesha jambo jingine. Plastiki ikikaa baharini kwa wiki kadhaa huota utando wa mwani na vijidudu, na utando huo hutoa harufu. Duvi wachanga waliojaribiwa waliinua pua na kuipokea harufu hiyo sawasawa na harufu ya chakula. Basi udanganyifu ni wa macho na pua kwa pamoja, na kadiri plastiki inavyokaa baharini ndivyo inavyozidi kufanana na mlo.

Kosa hilo likishafanyika ni vigumu kulirekebisha. Koo la kasa limejaa miiba laini iliyoelekea ndani, ambayo kazi yake ni kuzuia mlo usitoke anapoyatema maji ya chumvi aliyoyameza. Miiba hiyo ilimfaa kwa mamilioni ya miaka. Kwa mfuko wa plastiki humfanya asiweze kuutoa. Plastiki hushuka, hukwama utumbo, na chakula kilicho nyuma yake huanza kuchacha na kutoa gesi. Kasa mwenye gesi tumboni huelea na hawezi kuzama. Asipozama hawezi kufika kwenye malisho yake. Huchomwa na jua mgongoni, hugongwa na mashua, na hatimaye hufa njaa akiwa na tumbo lililojaa. Huko Watamu, shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza kazi mwaka 1997, lina kituo cha kuwatibia kasa, na wanaoelea namna hii ni miongoni mwa wagonjwa wake.

Ni plastiki kiasi gani inayotosha kuua? Chris Wilcox na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2018, walizipitia kumbukumbu za karibu kasa elfu moja waliokufa nchini Australia. Walikadiria kwamba kipande kimoja kilichomezwa humpa kasa uwezekano wa asilimia 22 wa kufa kutokana nacho, na vipande 14 huufikisha uwezekano huo asilimia 50. Takwimu hizi zinaondoa faraja ya kudhani kwamba ni kasa mlafi tu anayekufa. Aidha, kasa hukawia sana kukomaa, pengine miaka 20 hadi 30 au zaidi kutegemea aina. Anayekufa akiwa mchanga hajaacha kitu.

Matumbawe hayali mifuko, lakini hayakusalimika. Joleah Lamb na wenzake waliyachunguza matumbawe zaidi ya 124,000 katika miamba 159 ya Asia na Pasifiki, na matokeo yalitolewa mwaka 2018. Pale ambapo plastiki iligusana na tumbawe, uwezekano wa ugonjwa ulipanda kutoka asilimia 4 hadi asilimia 89. Plastiki hukwaruza, huzuia mwanga na hewa, na huenda hubeba vijidudu. Kwa Watamu na Malindi, ambako hifadhi za bahari zilianzishwa mwaka 1968, jambo hili si la mbali, kwa kuwa mwamba ukifa samaki wake huhama au hufa nao.

Kisha kuna chembe. Jua na mawimbi huivunja plastiki vipande, na vipande huvunjika tena hadi kuwa vidogo kuliko milimita 5, na kuendelea hadi visionekane kwa macho. Mwaka 2018 Charles Kosore na wenzake walichapisha ushahidi wa kwanza kwamba planktoni wa pwani ya Kenya, yaani wale wanyama wadogo mno wanaoelea na maji, humeza chembe hizo. Dagaa hula planktoni, na jodari hula dagaa. Mnyororo huo unaishia katika sahani ya mtu.

Malema na Jarife

Wavuvi wenyewe wana plastiki yao, nayo ndiyo kali kuliko zote. Malema (Unguja husemwa madema) yalisukwa kwa fito na matawi. Lema lililopotea baharini liliendelea kunasa kwa muda, kisha likaoza, likafunguka, na samaki wakatoka. Nyavu za zamani zilitengenezwa kwa nyuzi za mimea, nazo zilikuwa na mwisho huohuo. Jarife la nailoni likikatika halina mwisho wa karibu. Hunasa samaki, samaki akifa huwavuta papa na kaa, nao hunaswa. Likielemewa huzama, mizoga ikiisha huelea upya.

Nguva ndiye anayeonyesha hatari ya nyavu hizi kwa uchungu zaidi. Ni mnyama anayevuta hewa, hivyo akinaswa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi. Mwezi Desemba 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa na IUCN katika kundi la walio hatarini mno kutoweka, na kunaswa katika jarife ni miongoni mwa sababu kuu. Katika pwani ya Kenya, mtu anaweza kuvua maisha yake yote asimwone hata mmoja. Neno "nguva" liko hai katika ngano na katika kamusi, ilhali mwenye jina anaondoka.

Tatizo la Istilahi

Kazi ya mwanaisimu na ya mwanafunzi wa fasihi inaanzia hapa. Mwezi Machi 2022 mataifa yalikubaliana jijini Nairobi kuandaa mkataba wa kimataifa kuhusu plastiki. Mazungumzo ya Geneva mwezi Agosti 2025 yalimalizika bila maafikiano. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na Kiswahili si mojawapo, ingawa azimio lilipitishwa katika mji wa Waswahili wengi. Mkataba ukipatikana, itabidi mtu aueleze kwa mvuvi wa Kipini au Vanga. Ataueleza kwa maneno gani?

Sentensi inayosikika sana katika kampeni ni kwamba plastiki huchukua mamia ya miaka "kuoza". Sentensi hiyo ina kasoro mbili. Hakuna aliyewahi kuishuhudia miaka hiyo, kwa kuwa plastiki yenyewe haijatimiza umri huo. Idadi zinazotajwa ni makadirio. Kasoro kubwa zaidi ni kitenzi. Kuoza ni kugeuka kuwa udongo na chakula cha mmea. Plastiki baharini husagika, na kinachosagika hubaki kitu kilekile kwa umbo dogo, kama mahindi yanavyobaki mahindi katika unga. Mama yeyote anayejua kinu atazitambua tofauti hizo mara moja. Ni ajabu kwamba lugha yenye neno sahihi imeazima lisilo sahihi.

Kwa zile chembe ndogo, wengine hutumia "maikroplastiki". Neno hilo linafaa maabara na tasnifu. Katika baraza la wavuvi "chembe za plastiki" linatosha, kwani anayeijua chembe ya mchanga hahitaji tafsiri. Ama kuhusu nyavu zilizopotea, baadhi ya watafsiri wamependekeza "nyavu za mzimu" kwa kufuata Kiingereza. Tafsiri hiyo haifai. Kwa watu wa pwani mzimu una mahali pake na heshima yake, na hupelekewa sadaka. Wavu uliokatika hauna heshima hiyo. Tena mzimu hauna mwenyewe, na wavu una mwenyewe. "Nyavu zilizoachwa" ni jina lisilo na mvuto, lakini kauli ya kutendwa iliyomo inamwacha mtendaji aulizwe.

Jambo hili la kauli linahitaji utafiti zaidi kuliko msamiati. Wavuvi husema "wavu umepotea", na wavu ndio kiima. Taarifa za habari husema "taka zimeingia baharini", na taka ndizo kiima. Sarufi inaruhusu, na pengine ni kweli kwamba dhoruba ilimpokonya mvuvi wavu wake bila hiari. Lakini mwanafunzi anayekusanya data Lamu au Shimoni anaweza kuuliza ni lini msemaji husema "nimepoteza wavu", na ni lini husema "umepotea", na kama mtu anayejua kwamba wavu wa nailoni utaendelea kuvua asipokuwapo huichagua kauli ileile aliyoichagua babu yake kuhusu lema la fito.